Umeme Usioazimika

Nimeuza sola hapa Babati mjini tangu enzi ambazo watu walidhani paneli ni meza isiyo na miguu, na wateja nimewaona wa kila namna. Yupo aliyetaka paneli ifungwe sebuleni ili wezi wasiione. Yupo aliyerudisha betri kwa hasira akidai imekufa, kumbe hajawahi kuiunga na waya hata mmoja. Lakini mteja aliyeniomba nimfungie umeme ambao mume wake hataweza kuuazimisha watu, huyo ni mmoja tu. Jina lake Domitila, mkulima wa kule juu Sigino. Mimi namwita Mama Nestory na yeye ananiita Mama Shani, hata tunapovutana bei.

Asubuhi hiyo alikuja amejifunga kanga juu ya sweta, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Nilimpa kiti akakikataa. Alisimama akizitazama betri zilizopangwa sakafuni, akaisukuma moja kwa mguu kama mtu anayepima gunia la mahindi.

"Mama Shani, huna betri isiyobebeka?"

"Betri zote zinabebeka, mama. Ila hiyo unayoisukuma ni nzito kweli."

"Uzito siyo shida. Baba Nestory ana mkokoteni wa punda."

Hapo nikajua kuna neno. Nikamwambia Mudy, fundi wangu, aangalie duka, nikamvuta mama wa watu uani kwenye chai. Alikunywa kikombe cha kwanza. Cha pili ndicho kilichomfungua mdomo.

Nyumba yao iko juu kabisa, mbele ya pale nguzo za umeme zilipoishia. Mumewe, Wilbroad, alikuwa na paneli moja na betri moja kubwa, na kwa betri hiyo alikuwa maarufu mlima mzima. Akifa mtu, hata kabla ya majirani kupeleka kuni na masufuria, betri ya Wilbroad ilikuwa imeshapakiwa kwenye mkokoteni pamoja na nyaya na taa zake. Ilikaa kwa wafiwa mpaka maziko yapite. Watu walilala pale, wanawake wakapika, wanakwaya wakaimba, na taa ikawaka uani. Mtu akifiwa aliulizwa mambo mawili: padri ameambiwa? Betri imefika?

Wilbroad alianza jambo hilo baada ya kumzika mama yake. Siku ile mafuta ya taa yaliisha mapema, waombolezaji wakakaa gizani wakipapasana, na shangazi yake akajikwaa kwenye mafiga akaungua mguu. Wilbroad aliapa kwamba hakuna nyumba ya kule juu itakayoomboleza gizani tena akiwa hai. Ni kiapo kizuri. Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, wao ni Wakatoliki waliotoka Mbulu, lakini wema ni wema, sina cha kubisha.

Ninachobisha ni hiki: wema ule ulikuwa unatoka mfukoni kwa nani? Ninawajua wanaume wa aina hiyo. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiazimisha hadi sufuria lililoko jikoni na mboga ndani. Nje aliitwa mkarimu, na ndani mimi nikaitwa mkali. Kwa hiyo Domitila alipokuwa akisimulia, mimi nilikuwa nimeshachagua upande kitambo.

Maana betri ile haikuwa ya taa tu. Nestory, mtoto wao aliye seremala Arusha, alimtengenezea mama yake mashine ya kutotolesha mayai. Ni sanduku la mbao lenye balbu za joto, feni ndogo, na kioo cha kuchungulia. Domitila aliipenda mashine ile kama mtoto wa mwisho. Kupima joto alikuwa na kipimajoto, lakini hakukiamini. Aliamini shavu lake. Alitoa yai moja, akaliweka hapa chini ya jicho, akafumba macho, akajua.

Wanawake wa kule juu walimletea mayai ya kuku wao wa kienyeji. Ili yasichanganyike, kila mmoja alichora alama yake kwa mkaa: huyu msalaba, huyu mstari, huyu nukta. Kifaranga akitoka, Domitila aliangalia ganda akajua ni wa nani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake watu walikuwa wanafika mlangoni kwake wakimtafuta yeye, siyo mumewe.

Kisha akafa mzee mmoja upande wa Mutuka, ndugu wa ndugu wa mtu. Domitila alikuwa shambani. Aliporudi akakuta balbu za mashine zimezima na betri haipo. Wilbroad hakuwa na nia mbaya, alidhani sanduku lililofunikwa mablanketi litavumilia. Halikuvumilia. Domitila aliliweka yai shavuni likawa la baridi, akachukua lingine, likawa vilevile. Aliyafukia yote nyuma ya migomba.

"Walinikasirikia?" akasema. "Hapana, Mama Shani. Afadhali wangenikasirikia. Walikuja wakasema pole, ni mipango ya Mungu, wakanywa uji. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyeleta hata yai moja."

"Na Baba Nestory alisema nini?"

"Alisema tungefanyaje, mama, watu wamefiwa." Akaangalia ndani ya kikombe. "Nataka umeme usiotoka nyumbani. Mahindi nimeshauza. Na safari hii mayai yakiharibika, basi. Nitamrudishia Nestory sanduku lake alifanye kabati."

Hata angekuja mikono mitupu ningemtafutia njia, kwa jinsi moyo wangu ulivyokuwa unachemka. Nikamwambia, mama, nitakufungia mtambo ambao mume wako atauzunguka kama fisi anavyozunguka zizi la miiba.

*

Tulipanda na Mudy na vifaa vyote. Paneli mbili kubwa juu ya bati, betri mbili mpya ndani, kontrola ukutani ya kulinda betri zisijae kupita kiasi wala kukaushwa, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Betri ya zamani, iliyochoshwa na misiba, niliichukua na paneli yake kama sehemu ya malipo. Ujanja wangu ulikuwa kwenye betri. Sikuziunga ili kila moja ijitegemee. Niliziunga kwa kufuatana, chanya ya hii kwa hasi ya ile, nguvu zao zikawa moja, na kontrola na inveta nikachagua za nguvu hiyohiyo. Nikamwita Wilbroad aone.

"Baba Nestory, hizi sasa ni kitu kimoja. Ukitoa moja, iliyobaki haitawasha hata balbu moja ya mashine. Umenielewa?"

Wilbroad ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Koti lake lilikuwa na matundu madogomadogo kifuani, pale ambapo tindikali ya betri ililila miaka yote ile ya kubeba. Alikubali kwa kichwa. Akaipapasa betri moja.

"Na ikitokea msiba, mama?"

"Msiba utawasha kandili," nikasema. "Babu zako hawakuzikwa?"

Nilikuwa na nyingine tayari ya kumpa. Alimgeukia mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono yenye unga.

"Mama Nestory, nakupa neno langu. Hizi hazitoki."

"Nimelisikia," Domitila akasema.

Tulipokuwa tunakusanya spana zetu, akaingia bibi mmoja mfupi, mkongojo mkono mmoja, mtandio wenye mayai mkono wa pili. Huyo alikuwa Benadetha, jirani wa chini kidogo, mke wa mzee Teodori. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kututazama, macho yake yako kwenye sanduku. Alikuwa wa kwanza kuleta mayai tangu yale yafukiwe. Yote yalikuwa na duara la mkaa, dogo, lililochorwa kwa mkono unaotetemeka.

"Bibi, huogopi?" Domitila akamuuliza. "Unajua yaliyotokea."

"Naogopa nini? Nimeshatangaza huko njiani," Benadetha akasema. "Hakuna ruhusa ya kufa mtu mpaka vifaranga watoke. Anayetaka kufa asubiri."

Tulicheka sote, hata Wilbroad. Bibi akayapanga mayai yake mwenyewe kwenye trei, moja moja, akiyasemesha kwa Kiiraqw. Kabla hatujaondoka wanawake wengine wawili walikuwa wamechungulia mlangoni. Mmoja aliuliza kama nafasi imebaki. Domitila alimwambia ipo, na nikaona anavyojitahidi asitabasamu sana.

Nilishuka mlima siku ile nimejaa sifa. Nilimwambia Mudy kwamba kuna watu wanauza sola na kuna watu wanatengeneza ndoa. Mudy akasema, "Poa, bosi, ila huyo mzee umembana." Nikamwambia alistahili kubanwa.

*

Mayai yalikuwa yamekaribia kuanguliwa Mudy alipoingia dukani asubuhi moja, kofia mkononi.

"Bosi, yule bibi wa mayai amefariki. Yule wa mkongojo. Alilazwa hospitali hapa mjini tangu wiki iliyopita, amefariki jana mchana."

Innalillahi. Nilikaa chini. Nilimkumbuka na mtandio wake, na ule utani wake. Halafu, nitasema ukweli, jambo la pili nililolifikiria lilikuwa betri. Nyumba ya Benadetha iko hatua chache kutoka kwa Domitila. Wilbroad atawezaje kuacha nyumba ile gizani? Na akizitoa, mayai yote yanakufa, na safari hii hakuna mwanamke atakayeamini tena.

Nikapiga simu ya Domitila, haipatikani. Ya Wilbroad, inaita tu. Nikamwambia Mudy afunge duka, achukue betri moja kutoka stoo, iliyojaa chaji, na nyaya na taa. Yeye akaifunga nyuma ya pikipiki yake, mimi nikakodi nyingine. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitaifikisha betri kwa wafiwa, Wilbroad ataona kwamba neno la mwanaume linaweza kulindwa na akili ya mwanamke, na Domitila atanishukuru. Nilikuwa nimeshajiona.

Tulipita kwanza nyumbani kwa Domitila. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna mtu. Nikainua macho kwenye bati: paneli hazipo. Nikaingia ndani mbio kama mwenye nyumba. Kontrola haipo ukutani, misumari tu. Betri hazipo. Na pale kwenye kona, mahali pa mashine, palikuwa na alama ya mstatili sakafuni, safi, isiyo na vumbi.

Sikufikiria mwizi hata kidogo. Nilifikiria Wilbroad. Nikajisemea, mtu huyu hakuridhika kuvunja neno lake, amevunja na kazi yangu, na sanduku amelitupa ili lisimsute. Nikamwambia Mudy anisubiri, nikashuka ile njia ya chini kwa miguu, kanga mkononi, nikienda kugombana msibani. Mungu anisamehe.

Kwa Teodori watu walikuwa wamejaa. Turubai limefungwa juu ya milingoti uani, wazee kwenye mabenchi, wanawake jikoni kwenye moshi. Na kando ya zizi la ng'ombe, zimeegemezwa kwenye ua wa miti na kuwekewa mawe chini zisiteleze, nikaziona paneli zangu mbili. Waya umetoka hapo, umepita juu ya paa la banda, umeingia ndani ya nyumba.

Wilbroad alikuwa wa kwanza kuniona. Alisimama akaja kunipokea, amekonda uso.

"Karibu, Mama Shani. Umesikia."

"Nimesikia na nimeona," nikasema. "Ulitoa neno, Baba Nestory. Mbele yangu ulilitoa."

"Nililitoa, na sikulivunja." Alisema polepole. "Tulipopata habari nilikaa pale kwenye jiwe nje, spana mkononi, nikashindwa kuingia ndani na nikashindwa kuondoka. Nikamwambia Mama Nestory, nitakwenda na kandili, nitakaa na aibu yangu. Akaninyang'anya spana. Akasema, neno ni la kwangu, ulinipa mimi, nami nakufungua. Ametoa vyote kwa mkono wake."

"Na mayai?"

"Yamo ndani. Wameyabeba wanawake."

Nikaingia. Chumba cha kwanza kilikuwa na mikeka na kina mama walioketi. Chumba cha pili, chumba cha Benadetha mwenyewe, kitanda kimesogezwa ukutani, na mahali pake limekaa sanduku la Nestory, limefunikwa mablanketi, balbu zinawaka, feni inanguruma. Kontrola imetundikwa kwenye msumari wa picha ya Bikira Maria, na picha imewekwa kwa heshima juu ya kabati. Domitila alikuwa amepiga magoti na yai shavuni, amefumba macho.

Nilingoja afumbue.

"Lina joto," akasema.

Nikaketi kitandani bila kukaribishwa. Wale wanawake wakanieleza, mmoja akidakia maneno ya mwingine. Domitila alianza kwa kutenganisha paneli, kisha mashine, kisha betri, kwa mpangilio alioona Mudy akiufuata siku ya kufunga, akiugeuza kinyume. Betri zikapanda mkokoteni. Mashine haikupandishwa, kwa kuogopa mtikisiko, maana mayai yaliyokaribia kuanguliwa hayataki kurushwarushwa. Wanawake wanne waliibeba pembe nne, imefungwa mablanketi yenye joto la jikoni, wakashuka nayo taratibu kama wanaobeba mgonjwa. Watu waliokuwa wanakuja msibani walisimama pembeni wakavua kofia, wakidhani ni maiti. Walipofika hapo wale wanawake walicheka kidogo wakijiziba midomo, kisha wakakumbuka walipo.

"Mama Nestory," nikasema, na sauti yangu haikuwa na ule ukali nilioubeba kutoka mjini. "Kwa nini hamkunipigia? Nina duka zima la betri. Moja nimeileta, iko hapo juu kwa Mudy. Mngewasha taa za msiba na mtambo wako ungebaki ulipo."

Alirudisha yai kwenye trei, akafunga kioo.

"Ungeleta taa, Mama Shani. Najua ungeleta, na Mungu akubariki. Lakini Bena alipoona hakuna anayeniamini, yeye hakuniletea pole. Aliniletea mayai. Nije kwake na taa ya kuazima kwa mtu?"

"Wewe mwenyewe ulitaka umeme usiotoka nyumbani."

"Nilitaka usitoke bila mimi," akasema. "Mara zote ilikuwa inakwenda yenyewe. Mimi narudi shambani nakuta tundu kwenye ukuta. Hakuna aliyeniuliza, hata Baba Nestory na upole wake. Leo nimeuleta mwenyewe."

Mimi nilimfungia mlango wa chuma, kumbe yeye alikuwa anaomba ufunguo. Wanawake wenzake wote waliokuwa kwenye mikeka walikuwa na mayai yao ndani ya lile sanduku, na walikubali libebwe mlimani. Hakuna kontrola ninayoiuza inayoweza kufanya kazi hiyo.

Lakini mimi ni mfanyabiashara wa sola, siwezi kukaa chumba kimoja na mtambo bila kuukagua. Niliangalia taa ya kontrola. Jua lilikuwa kali, kwa mwanga ule betri zilipaswa kuwa zinameza chaji, lakini kilichokuwa kinaingia kilikuwa cha kubembeleza. Na usiku ule betri zingetakiwa kuwasha mashine na taa za uani pamoja. Nikatoka nje nikatazama. Kivuli cha turubai kilikuwa kimeilalia paneli moja nusu nzima. Paneli zilizoungwa kwa kufuatana ni kama ng'ombe wawili kwenye jembe moja, mmoja akilala na mwenzake hasogei.

"Turubai hili lihame," nikasema.

Mabenchi yote yakanigeukia. Mzee mmoja akauliza huyu mama ni nani. Mwingine akamjibu ni mwenye duka la sola. Wa kwanza akasema, basi aende akahamishe duka lake.

"Wazee wangu, shikamooni," nikasema, nikajikaza. "Poleni na msiba. Kivuli chenu kinakula umeme wa wafiwa. Kikikaa hapo mpaka alasiri, usiku mtaimba gizani na mayai ya wake zenu yatakufa. Mimi ni mgeni hapa, nikikosea mtanisamehe. Lakini turubai lihame."

Katekista wao akavua koti lake akashika mlingoti wa kwanza. Wilbroad akashika wa pili. Wazee wakanyanyuka wakinung'unika, kila mmoja na kigoda chake, wakahamia upande wa migomba, wengine wakabaki na magoti juani. Nilirudi ndani, taa ya kontrola ilikuwa imechangamka. Betri niliyoileta sikuitia kwenye mtambo ule, maana nguvu zake hazilingani na za wenzake. Tuliiunga na spika ya kwaya. Mudy akaisimamia kwa fahari kama yeye ndiye mwimbaji.

*

Siku ya maziko nilipanda tena. Misa ilisomwa uani, na Benadetha akazikwa shambani kwake, chini ya mstari wa migomba. Mzee Teodori aliongozwa kaburini kwa mkono, kwa kuwa macho yake yameingia ukungu na anaona vivuli tu. Tangu habari ifike alikuwa hajalia. Alikuwa anaitikia pole za watu kwa neno moja, asante, kwa sauti ileile, mpaka watu wakaanza kumwogopea. Mwanaume akinyamaza namna hiyo, wanasema kule juu, amekwenda na aliyekwenda.

Tulirudi kutoka kaburini tukanawa mikono, wanawake wakagawa makande. Teodori aliketi kwenye benchi ukutani, sahani magotini, hajaigusa. Mimi nilikuwa karibu naye. Pole nilishampa mara tatu.

Ndipo sauti ikasikika kutoka chumba cha ndani. Nyembamba, ya kukatikakatika. Kisha nyingine. Mazungumzo yakapungua mpaka uani kote watu wakawa wanasikiliza. Domitila aliweka chini bakuli alilokuwa analigawa, akaingia ndani. Wilbroad alisimama, akakaa, akasimama tena.

Domitila alikaa huko ndani kitambo. Alipotoka mikono yake ilikuwa imefumbatwa mbele ya kifua, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali. Alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye lile benchi, akapiga magoti mbele ya mzee.

"Baba, lete mkono."

Teodori aliutoa. Domitila akamwekea kifaranga kiganjani, mweusi, ameshakauka manyoya.

"Ni wa nani?" mzee akauliza.

"Ganda lake lina duara, baba."

Mzee alimgusa kifaranga mgongoni kwa kidole, polepole, kichwa chake kimeinama kama anayesikiliza.

"Aliniambia akitoka hospitali atapitia kwako kuwachukua," akasema.

"Ndiyo, baba. Hata mimi aliniambia."

"Kumbe wao ndio wamemfuata nyumbani."

Akauleta mkono wa pili akamfunika kifaranga, akainamisha uso juu ya mikono yake, akalia. Domitila alibaki amepiga magoti pale pale, akamshika goti, na hakuna mtu aliyesogea kuwanyamazisha.